Treni 8017: zaidi ya watu 500 walikufa handakini Italia mwaka 1944. Ni makaa mabovu, au kuna waliofunika?

#1 Mtaruma (Makambako)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu najua kuna watu wa reli, wauguzi, wanasheria na waliofanya kazi kwenye makaa. Ndiyo maana nimeuleta uzi huu kwetu Nyanda za Juu, si kwenye jukwaa la historia ambako utazama siku hiyo hiyo.

Usiku wa kuamkia Machi 3, 1944, kusini mwa Italia, treni ya mizigo namba 8017 iliondoka stesheni ya Balvano saa 6:50 usiku. Vichwa viwili vya mvuke mbele, mabehewa 47 nyuma. Mpaka stesheni inayofuata, Bella-Muro, ni mwendo wa dakika 20 hivi. Haikufika. Iliingia handaki linaloitwa Armi, lenye urefu wa karibu kilomita 2 na lililo kwenye mwinuko, ikakwama humo.

Sasa sikilizeni. Haikuanguka. Haikugongana na kitu. Haikuwaka moto. Palipokucha ilikutwa imesimama wima juu ya reli zake, na ndani ya mabehewa zaidi ya watu 500 wamekufa kwa moshi, wengi wao kama waliolala tu.

Baraza la mawaziri la serikali ya Badoglio, waziri mkuu wa Italia wakati huo, lilitaja vifo 517. Wengine waliofuatilia baadaye wanahesabu mpaka 626. Hiyo tofauti ni zaidi ya watu 100! Walizikwa kwenye makaburi ya pamoja pale Balvano, wengi bila jina. Uchunguzi ukafanyika na kuishia kwenye makaa mabovu na hali ya vita. Hakuna mtu aliyefungwa. Habari zenyewe zilibanwa na wakaguzi wa magazeti wa wakati wa vita.

Dai langu ni hili: makaa ni kisingizio. Treni ile iliruhusiwa kuondoka na watu waliokuwa na sababu ya kujua kwamba mlima ule haiuwezi, halafu wakafunika. Nipingeni kwa hoja.

#2 Loleza (Mbeya mjini)

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu umeanza na treni ya mizigo, halafu watu 500. Walipandaje?

#3 Mtaruma

@Loleza njaa. Wanajeshi wa Marekani na Uingereza walitua Salerno Septemba 1943, Napoli ikakombolewa, lakini mji ulikuwa hauna chakula. Watu wakawa wanadandia treni yoyote inayopanda kwenda vijiji vya milimani. Wanabeba nguo, sigara, kahawa, vitu walivyovipata kwa wanajeshi, wanakwenda kubadilishana na unga, mafuta na nyama. Treni za abiria zilikuwa chache mno. Kwa hiyo 8017 kwenye makaratasi ilikuwa treni ya mizigo, ila mzigo wake mkubwa ulikuwa watu.

#4 Kihesa Juu (Iringa)

Kwa hiyo walikuwa wafanya magendo. Tuseme ukweli jamani, anayedandia treni ya mizigo amejua anachokifanya. Pia wakati huo Mussolini ndiye alikuwa anatawala, na utawala wake ulikuwa unaficha kila kitu. Sioni fumbo hapo.

#5 Ulanzi Mtamu (Tosamaganga)

Kamwene @Kihesa Juu. Mussolini aliangushwa Julai 1943. Machi 1944 alikuwa kaskazini, chini ya Wajerumani. Kusini kulikuwa na serikali ya Mfalme na Badoglio, na juu yake jeshi la Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao). Hilo lina uzito kwenye kesi hii, kwa sababu reli zile zilikuwa na mabwana wawili. Waitaliano ndio waliokuwa wanaendesha treni, ila jeshi la Washirika ndilo lililoshika reli na makaa. Ukitaka kujua aliyefunika ni nani, anza hapo.

#6 Mama Mchele (Igurusi)

@Kihesa Juu mwanangu, hilo neno lako la magendo limeniuma.

Mimi nimelea watoto kwa biashara ya mchele. Nimelala juu ya magunia kwenye malori usiku, mvua inanipiga, nimebana mzigo wangu ili usiibwe. Mtu hapandi juu ya magunia kwa kupenda. Ukiona mama ameacha watoto kwa jirani akaenda kulala kwenye behewa la mizigo Machi, kipindi cha baridi huko kwao, ujue nyumbani chungu hakijainjikwa siku ya pili. Usimwite mhalifu wakati ameshakufa na hawezi kukujibu.

Mtaruma, walikuwepo wanawake?

#7 Mtaruma

Walikuwepo, mama. Wengi tu. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ilipofika kwenye madai ya fidia, upande wa reli uliwachukulia kama wadandiaji. Familia zikajibu kwamba kuna waliokata tiketi. Sasa kama tiketi iliuzwa, mtu huyo ni mdandiaji wa namna gani?

#8 Nesi wa Baridi (Makete)

Habari za jioni. Nichangie upande wangu.

Watu wengi hudhani kufa kwa moshi ni kukohoa mpaka mwisho. Aliyewaua hawa ni gesi ya kaboni monoksaidi, nayo haina rangi, haina harufu. Inashika kwenye damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, kwa hiyo hata kama hewa nzuri ipo kidogo, damu haina nafasi ya kuibeba. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Mtu anakuwa macho lakini hawezi kusimama. Halafu usingizi.

Huku kwetu tunaipokea kila mwaka mwezi wa 6 na wa 7. Baridi ya Makete mnaijua. Familia inaingiza jiko la mkaa chumbani, inafunga dirisha, inaziba na upenyo wa mlangoni kwa nguo. Asubuhi majirani wanagonga, kimya. Nimempokea baba aliyeniambia alisikia mtoto wake anamwita, akataka kuinuka, miguu ikakataa. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Kwa hiyo yule anayejiuliza kwa nini watu 500 hawakushuka wakakimbia, jibu ni kwamba wengi walikuwa wamelala, na walioamka walikuwa na dakika chache sana kabla miguu haijawaacha. Waliopona wengi wao walikuwa mabehewa ya mwisho, ambayo yalikuwa hayajaingia handakini au yalikuwa karibu na mdomo wake.

Na nyie mnaosoma huu uzi mkiwa na jiko chumbani, litoeni nje sasa hivi.

#9 Loleza

Dada nesi asante, nimefungua dirisha.

Ila Mtaruma, nimesoma mahali kwamba hilo handaki lilikuwa refu kuliko yote Italia. Labda ndiyo sababu?

#10 Ulanzi Mtamu

Hapana @Loleza. Italia ilikuwa na handaki la Apennini kati ya Bologna na Firenze, kilomita 18 na nusu, lililofunguliwa 1934. Armi ni kijana mdogo hapo. Lile la Apennini lilijengwa likiwa na umeme, huyu wa milimani aliachwa na mvuke.

#11 Mzee Kokoto (Iyunga)

Nawasalimu wote. Nimeendesha treni za mizigo milimani kwa vichwa vya dizeli mpaka nilipostaafu. Sijawahi kuendesha mvuke, ila nilifundishwa kazi na wazee waliouendesha.

Mwinuko unaotajwa wa njia ile ni kama mita 13 kwa kila mita 1,000. Mkiusikia mtaona si kitu. Kwa basi linalopanda Kitonga huo ni uwanja wa mpira. Lakini treni ni chuma juu ya chuma. Gurudumu linashika reli sehemu ndogo sana, na reli za ndani ya handaki zina unyevu muda wote kwa sababu jua halifiki. Magurudumu yakianza kuteleza, dereva anamwaga mchanga. Mchanga usipotosha, mwendo unakufa. Mwendo ukifa kwenye mwinuko na mzigo ule, kuanza tena ni kazi nyingine kabisa.

Sasa hoja yangu. Kosa la kwanza naliona kwenye mpangilio wa vichwa. Vyote viwili viliwekwa mbele! Moshi wa kichwa cha kwanza unamwingia dereva wa pili, na moshi wa vyote viwili unawafuata abiria nyuma. Kichwa kimoja kingekaa nyuma na kusukuma, nusu ya moshi ingebaki mkiani, na pale treni ilipokwama mkia ulikuwa kwenye hewa. Zaidi ya hapo, dereva wa nyuma angekuwa na hewa safi na akili timamu ya kuirudisha treni.

Pia mzigo ukizidi nguvu, treni inakatwa. Unaacha nusu stesheni, unapeleka nusu ya kwanza, unarudi kuchukua iliyobaki. Tumefanya hivyo mara nyingi na hakuna aliyekufa kwa kuchelewa. Nani alikataa isikatwe Balvano? Hapo simlaumu dereva kwanza. Dereva anapewa treni, haichagui.

#12 Makaa ya Kiwira (Kyela)

Shikamoo Mzee Kokoto. Nimefanya kazi na makaa ya mawe, nataka niyatetee na kuyashtaki kwa pamoja.

Makaa mabovu yana majivu mengi na unyevu. Unayajaza kwenye tanuri lakini joto halipandi, mvuke unashuka, kwa hiyo fayamani, yule wa kuchochea moto, anaongeza makaa mengine juu. Tabaka la moto linakuwa nene, hewa haipiti vizuri, na hapo ndipo ile gesi aliyoisema nesi inapozaliwa kwa wingi. Kwa hiyo ripoti iliposema makaa yalikuwa mabovu haikudanganya.

Lakini makaa mazuri nayo yanaua kwenye shimo lisilo na hewa. Ukisema makaa peke yake ndiyo yaliyoua, ni kwamba umechagua mtuhumiwa asiyeweza kuitwa mahakamani. Makaa waliyatumia siku zote kwenye njia ile. Kwa nini usiku ule?

#13 Mtaruma

@Makaa ya Kiwira hapo umegonga penyewe. Naomba niweke jambo jingine mezani, ndilo linalofanya watu wabishane mpaka leo. Waokoaji walipofika kwenye vichwa, kimoja kilikutwa usukani wake wa mwendo umewekwa kwenda mbele, kingine umewekwa kurudi nyuma. Madereva wote wawili walikuwa wamekufa.

#14 Loleza

Eeh! Mmoja anavuta huku, mwingine huku?

#15 Mzee Kokoto

@Loleza hawakuwa na redio. Vichwa viwili vya mvuke viliwasiliana kwa honi. Ndani ya handaki, mvuke unapiga kelele, magurudumu yanateleza, honi ya mwenzako unaisikia kama mwangwi tu, au huisikii kabisa. Dereva mmoja ameona bora turudi nyuma Balvano. Mwingine ameona tukikaza kidogo tutatoka upande wa pili. Wote wawili walikuwa na sababu. Na gesi imeshaanza kuwavuruga fikra. Hapo ndipo treni ilipofungwa kamba pande mbili.

#16 Fundi Breki (Tunduma)

Mzee Kokoto shikamoo, lakini leo nakupinga.

Nyie mnaangalia vichwa, mimi natazama nyuma. Treni za mizigo za zama hizo zilikuwa na watu wa breki waliokaa kwenye mabehewa, wanakaza kwa mkono. Kuna maelezo kwamba treni ilipoanza kurudi kidogo, watu wa breki walidhani inateleza kuelekea bondeni, wakakaza kama kanuni inavyotaka. Kama ni kweli, basi hata madereva wote wawili wangekubaliana kurudi, isingerudi. Kanuni iliyotungwa kuokoa watu ndiyo iliyowafungia humo.

Na kuhusu huo ushahidi wa usukani, mimi siuamini sana. Treni ile ilitolewa handakini. Watu wangapi walipanda kwenye vile vichwa kabla ya mchunguzi kufika na daftari lake? Mtu mmoja akishika chuma kile, ushahidi umekwisha.

#17 Mzee Kokoto

Marahaba mwanangu. Sina ugomvi na breki. Ila kumbuka fayamani mmoja wa vichwa vile alinusurika. Si kwamba hakukuwa na shahidi kabisa kule mbele.

#18 Fundi Breki

Shahidi aliyezimia, mzee. Nesi atuambie, mtu aliyepigwa na gesi ile anakumbuka vizuri?

#19 Nesi wa Baridi

Wengine hukumbuka mwanzo wa tukio vizuri, kisha kuna pengo. Wengine huchanganya mpangilio. Siwezi kumsemea yule fayamani, lakini ushahidi wa namna hiyo husikilizwa kwa uangalifu, hautupwi.

#20 Wakili wa Soweto (Mbeya)

Nimefuatilia kimya, sasa naomba nafasi.

Kwangu mimi fumbo kubwa ni muda, kuliko makaa na breki. Treni inaondoka saa 6:50 usiku. Inatakiwa stesheni jirani kabla ya saa 7:15. Habari kamili zinafika Balvano karibu na saa 11 alfajiri, na zinaletwa na mtu wa breki aliyetoka mkiani akajikokota kwa miguu kurudi stesheni. Saa nne nzima zimepita! Upande huu stesheni masta anajua ameituma. Upande ule stesheni masta anajua hajaipokea. Katikati kuna handaki. Hakuna aliyekwenda kutazama?

Utetezi naujua: wakati wa vita treni zilichelewa kwa saa nyingi, kwa hiyo kuchelewa hakukumshtua mtu. Sawa. Lakini hiyo ndiyo hasa tunayoiita kutojali kazini. Kama angepelekwa kichwa kimoja kikatazame saa 8, wangapi wangetolewa hai?

Halafu tazameni fidia ilivyofanywa. Familia zilidai, na baada ya miaka mingi serikali ikakubali kulipa kwa kuwahesabu kama wahanga wa vita. Sikiliza vizuri maana yake kisheria. Ukimlipa mtu kama mhanga wa vita, hujakiri kosa lolote la reli, la jeshi wala la stesheni. Vita ndiyo iliyowaua, na vita haina anwani ya kupelekewa hati ya wito. Mtaruma alisema walifunika. Mimi nasema karatasi ile ndiyo kifuniko chenyewe, na ilitolewa kama msaada.

#21 Mama Mchele

Wakili Mungu akubariki. Hilo la mwisho nimelisoma mara mbili.

#22 Kihesa Juu

Mama Mchele shikamoo, na pole kwa neno langu la juu. Naendelea na hoja nyingine.

Nyote mmekubali ni moshi. Mimi siko huko. Desemba 2, 1943, ndege za Kijerumani zilipiga bandari ya Bari, hapo hapo kusini mwa Italia. Meli moja ya Marekani, John Harvey, ilikuwa imebeba kwa siri mabomu ya gesi ya haradali. Ikalipuka, gesi ikaua watu, na wakubwa wa Washirika wakaficha mpaka madaktari wakawa wanatibu wagonjwa bila kuambiwa wanatibu nini. Hilo limethibitishwa. Miezi mitatu baadaye, watu 500 wanakufa kwa gesi ndani ya treni, reli ikiwa mikononi mwa jeshi hilo hilo, na habari zinabanwa. Nani anaweza kuniambia hakukuwa na kitu kingine ndani ya mabehewa yale?

#23 Nesi wa Baridi

@Kihesa Juu ya Bari ni kweli, lakini miili inakataa hoja yako. Gesi ya haradali inaunguza. Ngozi inatoka malengelenge, macho yanavimba na kuziba, kifua kinachubuka, na wengi hawafi palepale bali baada ya saa au siku. Waliokufa Balvano walikutwa kama wamelala. Hiyo ni kaboni monoksaidi kabisa.

#24 Kihesa Juu

Nakubali kuhusu haradali. Sikubali kwamba jeshi lililoficha Bari lilikuwa na sababu ya kusema ukweli wa Balvano.

#25 Ulanzi Mtamu

Hapo mwisho @Kihesa Juu nakuunga mkono. Nimesoma kwa wamisionari wa Kiitaliano wa Consolata, Kiitaliano nakisoma. Kinachonishangaza ni jinsi habari hii ilivyofutika hata kwa Waitaliano wenyewe. Wiki mbili baadaye, Machi 18, mlima Vesuvio ulilipuka karibu na Napoli. Vita kwenye mlima wa Cassino ilikuwa inaendelea. Magazeti yakawa na volkano na vita. Wengine wanasema hakuna aliyehitaji kuficha kwa bidii, ilitosha kukaa kimya wiki mbili.

Sijui kama nakubali. Kukaa kimya wiki mbili ni jambo moja. Kuzika watu mamia bila kuandika majina yao ni jambo jingine.

#26 Dogo wa Uyole

Wazee samahani naingilia. Kwa nini tunahangaika na Italia? Hapa kwetu Daraja la Chambeshi la reli yetu ya TAZARA lililipuliwa kule Zambia na mpaka leo hakuna anayejua ni nani. Lile ndilo fumbo.

#27 Fundi Breki

Dogo, hilo si fumbo. Oktoba 1979, wanajeshi wa Rhodesia waliingia Zambia wakalilipua ili kuikaba Zambia na wapigania uhuru. Linajulikana.

#28 Dogo wa Uyole

Sawa mkuu. Na Igandu?

#29 Mzee Kokoto

Igandu tuiseme kwa heshima, kuna watu humu walizika ndugu. Juni 24, 2002, mkoani Dodoma, kwenye Reli ya Kati. Treni ya abiria ilishindwa kushika kwenye mlima, ikarudi nyuma kwa kasi ikagonga treni ya mizigo. Wakafa watu 281. Tofauti na Balvano ni kwamba nchi nzima ilijua siku hiyo hiyo, maombolezo yakatangazwa, majina yakatafutwa. Kubishana juu ya breki kupo mpaka leo, lakini hakuna aliyesema wale watu hawakuwepo.

Na mwanangu, ukipita Mlimba kuja Makambako, hesabu mahandaki. TAZARA nzima ina zaidi ya 20, na mengi yako kipande hicho. Kila ninapoingia kwenye mojawapo nikiwa abiria, bado mkono unatafuta breki.

#30 Mtaruma

Dogo, nimeileta Italia kwa sababu haiko peke yake. Mwaka huo huo, Januari 3, 1944, Hispania kulitokea ajali ya treni ndani ya handaki la Torre del Bierzo. Serikali ya dikteta Franco ikasema wamekufa 78. Makadirio mengine yanapita 200, na wapo wanaofika 500. Kabla yake, Desemba 12, 1917, huko Ufaransa, treni ya wanajeshi waliokuwa wanarudi likizo ilishuka mlima karibu na Saint-Michel-de-Maurienne ikiwa na breki za hewa kwenye mabehewa machache tu. Dereva alikataa kuondoka, akalazimishwa na mkubwa wa jeshi. Mamia wakafa, na jeshi likaifanya siri.

Ajali tatu, vita au udikteta, na kila mara idadi ya waliokufa ina mgogoro. Mimi nikiona serikali inajua tani za makaa lakini haijui idadi ya watu, naona mkono wa mtu.

#31 Wakili wa Soweto

Mtaruma, ukisema mkono wa mtu, uwe tayari kumtaja. Mpaka sasa uzi huu una washtakiwa watano: aliyepanga vichwa, aliyetoa makaa, mtu wa breki, stesheni masta wawili nawahesabu kama mmoja, na jeshi. Mahakamani hiyo ni njia nzuri ya kumwachia kila mmoja huru.

#32 Mtaruma

Namtaja kwa cheo: aliyekuwa na mamlaka ya kusema treni hii ikatwe, na hakusema. Iwe Salerno, iwe Balvano, iwe ofisi ya jeshi. Wengine wote walipokea treni ambayo tayari ilikuwa mbaya.

#33 Makaa ya Kiwira

Napinga. Mamlaka hayo yangesema ikatwe, nusu ya pili ingevutwa na nini? Vichwa vilikuwa havitoshi, kulikuwa na vita. Anayekata treni usiku ule anajua mzigo wa jeshi wa kesho utakwama. Hujathibitisha kwamba alijua watu watakufa. Treni ngapi zilipita handaki lile wiki ile zikiwa nzito hivyo hivyo zikafika?

#34 Fundi Breki

Na mimi nabaki na breki. @Ulanzi Mtamu, kwa kuwa unasoma Kiitaliano, naomba utafute mambo mawili: mabehewa mangapi kati ya 47 yalikuwa na mtu wa breki, na kama waokoaji walikuta breki zimekazwa au zimelegezwa. Tukipata hilo, nusu ya ubishi huu inakwisha.

#35 Ulanzi Mtamu

Nitatafuta. Nikipata nitaweka hapa hapa, msiufunge uzi.

#36 Loleza

Mzee Kokoto, swali moja kabla hujalala. Ungekuwa wewe ndiye dereva wa kichwa cha pili, moshi wote unakuingia, treni imesimama, mwenzako wa mbele humsikii. Ungefanyaje?

#37 Mzee Kokoto

@Loleza ningefunga mvuke kwanza, ili angalau mmoja wetu asiendelee kutoa moshi. Halafu ningemtuma fayamani akimbie mbele kwa mwenzangu akamwambie kwa mdomo kwamba tunarudi, na mimi ningepiga honi ya kulegeza breki mpaka wa nyuma waelewe.

Lakini hayo nayasema nikiwa sebuleni, Iyunga, na dirisha liko wazi. Kwa maelezo ya nesi, fayamani wangu angefika nusu ya njia miguu ikamkatalia. Kwa hiyo narudi pale pale nilipoanzia: kichwa cha pili kilitakiwa kikae nyuma. @Fundi Breki, nijibu hilo kwanza kabla hujaniletea breki zako. Kichwa kikiwa nyuma, mtu wa breki angemwona dereva, au asingemwona?